Nyota moja iliyonitoa jasho

Nimekuwa kimya kidogo, na leo narudi na kisa cha kujiumbua mwenyewe.

Wengi wenu mnatumia Debian au Ubuntu. Sisi tunaotengeneza vifurushi vya programu vya mifumo hiyo huvipitisha kwanza kwa Lintian, programu inayokagua kama kifurushi kimefuata kanuni za Debian. Ikiona kosa inaandika E. Ikiona jambo la kutilia shaka inaandika W. Ukiwa na sababu nzuri ya kukiuka kanuni, unaandika msamaha kwenye faili maalumu, nayo inanyamaza.

Mwaka 2023 tulikuwa na seva za mteja zenye Debian 11 na nyingine zenye Debian 12. Ya kwanza ina Lintian 2.104, ya pili 2.116. Kifurushi ni kile kile, majibu mbalimbali! Nikitangaza kwamba nimefuata kanuni toleo la 4.6.2, Lintian ya zamani inalalamika, maana yenyewe inajua mwisho 4.5.1. Hilo dogo.

Kubwa lilikuwa misamaha. Faili letu moja la mipangilio lina nywila, kwa hivyo tuliliwekea ruhusa 0640 badala ya 0644 ya kawaida, tukaliandikia msamaha. Lintian ya zamani hutaja jina la faili kwanza, halafu ruhusa. Mpya hutaja ruhusa kwanza, na jina la faili huja mwisho ndani ya mabano ya mraba. Msamaha wangu ukawa haulingani tena na maneno yake, onyo likarudi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mteja anangoja. Nikafuta jina la faili nikaweka nyota, yaani samehe ruhusa yoyote kwa faili lolote. Matoleo yote mawili kimya. Nikaenda nyumbani nikijiona fundi.

Wiki tatu baadaye, mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa atachi akaniuliza, "Hii nyota inasamehe nini hasa?" Nikaitoa ili nimwonyeshe. Lo! Faili jingine la mipangilio lilikuwa na 0666: yeyote mwenye akaunti kwenye seva angeweza kuliandika upya. Mtu alikosea tarakimu kwenye amri ya chmod, na Lintian zote mbili zingelisema siku ile ile. Mimi ndiye niliyeziziba mdomo. Nilimpigia mteja simu nikakiri. Bahati nzuri faili halikuwa limeguswa, lakini simu ile sitaisahau.

Siku hizi kila toleo la Debian lina tawi lake la git na misamaha yake, faili kwa faili, sababu ikiandikwa juu ya kila msamaha. Tunakagua ndani ya toleo lile lile litakalopokea kifurushi, na namba ya Lintian inaingia kwenye ripoti. Kazi imeongezeka, sikatai. Lakini wakaguzi wawili wakitofautiana, soma kwanza kila mmoja anasema nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Haya, nenda ukaangalie nyota zako. Tuonane wiki ijayo.