Roma: cha kuona, cha kulipa, na cha kujihadhari nacho



Jina la Roma tunalisikia tangu utoto, katika misa, redioni na katika masimulizi ya masista. Lakini wengi wetu tunaliwaza kama jina la mbinguni, si mji wenye barabara, soko na basi, ambao mama muuza sambaza au mama mwalimu anaweza kufika, akatembea, akarudi kwake. Na mara nyingi anayekuja kutueleza safari ya Roma ni yule anayetaka pesa zetu. Kwa hiyo juma hili tunaueleza mji wenyewe, ili atakayesafiri ajue njia, na asiyesafiri asidanganywe.

Mkongo aliyetutangulia

Tuanzie kanisa la Santa Maria Maggiore, kanisa kubwa la Bikira Maria. Kutoka Termini, kituo kikuu cha treni, unalifikia kwa miguu. Kuingia ni bure. Humo, upande wa mahali pa ubatizo, kuna sanamu ya kichwa na kifua cha mtu mweusi, iliyochongwa katika jiwe jeusi. Huyo ni Antonio Manuel, Ne Vunda, balozi wa ufalme wa Kongo.

Mfalme Alvaro II alimtuma kwa Papa mwaka 1604. Njiani maharamia wa Uholanzi walimnyang'anya mali, wengi wa wenzake wakafa, naye akakwama Hispania kwa muda mrefu. Aliingia Roma mwanzoni mwa Januari 1608 akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alikwenda kumwona kitandani. Usiku wa kuamkia Epifania alikufa, akazikwa katika kanisa hilo. Alisafiri karibu miaka minne kupeleka ujumbe wa watu wake, na maisha yakamwishia mlangoni. Wageni wengi wanampita bila kumtazama. Mama wa Kongo asimpite.

Katika kanisa hilohilo kuna kaburi la Papa Fransisko, jiwe lisilo na mapambo, limeandikwa FRANCISCUS tu. Wengi tunamkumbuka alipokuja Kinshasa mwanzoni mwa mwaka 2023, akakaa kuwasikiliza wahanga wa vita vya mashariki.

Kutoka hapo, chukua metro mstari B mpaka kituo cha Basilica San Paolo. Katika kanisa la Mtakatifu Paulo, tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui wa Goma alitangazwa mwenyeheri. Aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa hongo, chakula kilichoharibika kisivuke mpaka kikaliwe na watu. Ukisimama pale, kumbuka kwamba watoto waliokingwa na chakula hicho ni wa mitaa yetu.

Vatikani, na mlango wa watoto

Kanisa la Mtakatifu Petro nalo ni bure. Unapanga foleni ya ukaguzi tu, basi uende mapema asubuhi. Shuka metro mstari A, kituo cha Ottaviano. Ukishaingia, geuka kulia: utaona Pietà, Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa. Michelangelo aliichonga katika miaka ya 1498 na 1499, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1972 mtu mmoja aliipiga nyundo, na tangu hapo inalindwa na kioo. Mama aliyezika mtoto hahitaji mtu wa kumfasiria sanamu hiyo.

Jumatano asubuhi Papa akiwapo hukutana na mahujaji wote, na Jumapili saa sita mchana husali nao kutoka dirishani. Tiketi ya Jumatano haiuzwi. Anayekuuzia amekuibia.

Karibu na hapo, katika barabara ya Borgo Santo Spirito, kuna hospitali ya kale ya Santo Spirito. Masimulizi yanasema Papa Inosenti III aliianzisha kwa sababu wavuvi wa mto Tiber walikuwa wakivuta nyavu na kukuta ndani yake vichanga vilivyotupwa. Ukutani bado kuna mahali pa gurudumu: mama aliyeshindwa kulea alimweka mtoto ndani bila kuonekana, likazungushwa, na watu wa ndani wakampokea. Kumbe hata katika mji wa Mapapa, umaskini na aibu viliwafikisha wamama hapo. Nasi kwetu tunawajua wasichana wanaoficha mimba kwa hofu. Hospitali ile iliwapa mlango. Vikundi vyetu vinawapa nini?

Mji wa zamani

Colosseo ni uwanja mkubwa wa mawe uliofunguliwa mwaka 80, ambamo watu na wanyama walipigana hadi kufa ili umati ufurahi. Tiketi ya kawaida inakuruhusu pia kuona Foro, soko na mahakama za Waroma wa kale. Tiketi ina jina la mtu, kwa hiyo ununue mapema na uwe na pasipoti mkononi. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi. Jumapili ya kwanza ya mwezi kila mtu huingia bure, lakini foleni ni ndefu.

Pantheon ina miaka karibu 1900. Kuba lake lina upana wa mita 43, na juu katikati kuna tundu wazi. Mvua inanyesha ndani, na maji yanatoka kwa matundu madogo ya sakafuni. Kuingia kunalipiwa. Chemchemi ya Trevi iko karibu, na sarafu ambazo wageni wanatupa majini zinakwenda Caritas ya Roma kusaidia maskini.

Jumapili, watafute ndugu. Wakatoliki Wakongo wa Roma wana shirika lao tangu mwaka 1994, na kanisa lao liko Piazza Pasquino, karibu na Piazza Navona. Wanasali kwa misa ya kwetu, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Wakati walipotimiza miaka 25, Papa Fransisko aliwaongozea misa hiyo ndani ya Mtakatifu Petro.

Kujitayarisha

*Viza.* Viza ya Schengen inaombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Mtu mzima analipa euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipa euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukikataliwa, pesa hizo hazirudi. Unahitaji bima ya safari inayolipa matibabu mpaka euro 30,000, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, na uthibitisho wa pesa na kazi yako: karatasi za benki, patente ya biashara, barua ya kazi au ya parokia. Kwa mtoto, ruhusa ya wazazi wote wawili iandikwe.

*Majira.* Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ni mizuri. Agosti joto ni kali. Kuanzia Novemba mpaka Februari bei zinashuka, lakini baridi itamshinda asiyebeba koti zito.

*Kulala.* Masista wengi wana nyumba za wageni, safi na nafuu kuliko hoteli. Uliza saa ya kufunga mlango.

*Kutembea.* Tiketi ya metro na basi ni euro 1.50, inadumu dakika 100. Mtoto chini ya miaka 10 halipi. Maji usinunue: barabarani kuna bomba zaidi ya 2,000 za maji safi ya kunywa. Beba chupa.

*Mavazi.* Makanisani mabega na magoti yafunikwe. Kitenge chako kinatosha, na kitakupendeza.

*Wezi.* Termini, metro na basi namba 64 ndipo wanapofanyia kazi. Pesa na pasipoti zikae ndani ya nguo, si katika mkoba wa mgongoni.

*Kadi ya njano.* Usiiache nyumbani. Utaulizwa wakati wa kurudi Kongo.

Anayeahidi kazi

Viza ya kutembelea inaruhusu kukaa siku 90 tu, na haitoi ruhusa ya kazi. Mtu akikuambia, "Lipa dola hizi, utaingia na mahujaji, ukifika utapata kazi ya kulea wazee," ujue anauza uwongo. Akichukua pasipoti yako "kuitunza," dai hapohapo. Binti akiahidiwa safari ya bure na mtu asiyejulikana na jamaa, kikundi kizima kiulize maswali. Deni la safari ya namna hiyo limewafikisha wasichana barabarani, usiku, katika miji ya watu.

Kikundi kianzie wapi

Kiasi kikubwa cha pesa kinakwenda kwa ndege. Kwa hiyo likelemba ya kila juma haitoshi, maana inagawanywa na kuliwa. Wekeni sanduku la pembeni, kama tunavyofanya katika AVEC, lenye kufuli 3 na wamama 3 wa kushika funguo. Chagueni miaka 2 au 3. Karo ya shule na matibabu visiguswe. Andikeni tangu mwanzo: atakayeacha njiani atarudishiwa kiasi gani, na aliyenyimwa viza atafanyiwa nini. Kutokuandika hayo kumevunja vikundi vingi kabla hata ya kuona uwanja wa ndege.

Na kama mtaweza kumtuma mmoja tu, mtumeni kama wazee wa Kongo walivyomtuma Ne Vunda: kwa niaba ya wote. Apeleke majina ya watoto wetu katika maombi, aweke ua mbele ya jiwe lile jeusi, kisha arudi atusimulie.