Waridi la Jangwani Lililonifunza

Hata wema huweza kuua. Mimi niliua mmea wangu kwa mikono hii hii inayoandika.

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Hutoka Kitale, akapitia Kapenguria na Marich hadi Lodwar. Desemba nikiwa likizoni kwake Kitale, alirudi na kitu kimefungwa kwa gunia. Nilipofungua nilicheka. Shina lilikuwa fupi na limefura chini kama chupa. Halikuwa na jani hata moja, lakini kwenye ncha za matawi palikuwa na maua ya rangi ya waridi, kila ua petali tano.

"Khocha, mbona hiki kimti ni kama kigonjwa?" nikauliza.

"Si kigonjwa, mpwa wangu. Kwao ni kwenye mawe. Usikipe maji mengi."

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Bayolojia alinieleza kuwa jenasi yake ni Adenium, jina lililotokana na Aden kule Yemen. Lile shina nene ni ghala la maji. Wakati wa kiangazi mmea huangusha majani ili maji yasipotee. Utomvu wake una sumu ya kudhuru moyo, na wawindaji sehemu nyingi za Afrika waliupaka kwenye mishale.

Yote hayo niliyasikia, lakini wapi! Kila jioni nikitoka shuleni nilimwagilia. Niliuonea huruma. Hapa Bungoma mvua hupita milimita 1,200 kwa mwaka, nami nikaongeza ya debe! Mvua za Aprili zilipoanza, majani yaliyokuwa yamechipuka yakawa manjano. Nikabonyeza shina: laini kama ndizi iliyooza.

Kukhu akatikisa kichwa. "Umempa mgeni chakula chako bila kumuuliza anakula nini."

Agosti mjomba akaja kututembelea. Nilikuwa nimepanga kusema ati umeliwa na mbuzi. Lakini mbuzi mwenyewe alikuwa pale uani, mzima, akitafuna majani ya viazi! Nani angeamini amekula sumu ya mishale? Nikasema ukweli huku machozi yakinilengalenga.

Mjomba alinyamaza kidogo. "Hata mimi nilikosa," akasema. "Niliung'oa kwao."

Safari iliyofuata hakung'oa kitu. Aliniletea tumba la mbegu, refu kama pembe. Kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, ndiyo maana upepo huibeba mbali. Nilizipanda kwenye mkebe uliotobolewa chini, kwa mchanga mwingi na udongo kidogo.

Zimeota tatu. Bado hazijatoa ua, na vishina vyake vimeanza kufura. Siku hizi kabla ya kumwagilia hutia kidole udongoni kwanza. Ukiwa na unyevu, naweka debe chini, naenda zangu kusoma.

Wahenga hawakukosea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limepona, lakini kovu nalijua.