Wimbledon Ilivyonilia Mpunga

Jamani wasomaji, mwenzenu nililiwa! Julai 2025, mpunga ndiyo kwanza umetoka shamba hapa Malinyi, binamu akanichokoza: "Haya mjuaji, taja bingwa wa wanawake Wimbledon." Nikamtaja Sabalenka. Si ndiye namba moja wa dunia? Tukawekeana gunia kwa gunia. Yeye akamchukua Swiatek. Nikacheka mpaka basi, maana Wimbledon alikuwa hajawahi kuvuka robo fainali.

Weee! Anisimova akamtoa Sabalenka nusu fainali. Fainali Swiatek akamchapa huyo Anisimova 6-0, 6-0. Gunia likaenda, nalo lilikuwa la sare ya mdogo wangu. Alirudi shule na shati lenye kiraka, hakunisemesha wiki nzima.

Na hizo namba nazo! Fainali ya chipukizi ya wawili wawili, Wimbledon 2022, Mkenya Angella Okutoyi na Mholanzi Nijkamp waliwafunga Victoria Mboko na mwenzake wa Kanada. Agosti 2025 Mboko huyo, wazazi wake Wakongo, akiwa namba 85, akabeba kombe la Montreal mbele ya Osaka. Nani angemtaja?

Binamu anataka turudiane. Mama kaweka kufuli stoo.