Kutoka Jukwaani hadi Kwenye Ratiba

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008, kiongozi machoni pangu alikuwa msemaji. Nilikuwa nimelelewa kwa simulizi za baba kuhusu Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana wakipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nilijua pia kwamba Yoweri Museveni alishiriki siasa pale Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, akiwa mwanafunzi. Basi wakati wa kampeni za DARUSO, serikali ya wanafunzi, sikubanduka Revolution Square, uwanja wa mikutano wa wanafunzi. Nilisikiliza jinsi wagombea walivyopandisha sauti na walivyonyamaza kidogo kabla ya neno zito. Nilikuwa nasomea ualimu, lakini niliuchukulia kama kivuko cha kunifikisha kwenye siasa.

Mwaka wa pili darasa lilinichagua kuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, na kazi hiyo haikuhitaji hotuba hata moja. Nilipeleka vitini vya mhadhiri steshenari vikatolewe kopi, nikagawa makundi ya semina, nikabandika majina ubaoni. Majaribio mawili yalipoangukia siku moja, mimi ndiye niliyetumwa kumwona mhadhiri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa mmekubaliana lini?"

Swali hilo lilinirudisha kwa wenzangu. Darasani tulikuwa na walimu waliokwishafundisha miaka mingi kwa stashahada, na mmoja wao, mama wa makamo, alinivuta pembeni. "Mwanangu, usiulize nani anaafiki," aliniambia. "Uliza nani ataumia." Nikaanza kuuliza hivyo. Waliokaa hosteli za Mabibo walihofia kukosa basi la jioni. Wenye watoto walihofia Jumamosi. Tarehe iliyopatikana haikumfurahisha kila mtu, ila hapakuwa na aliyeshindwa kufika. Tangu hapo niliandika muhtasari wa kila kikao chetu, kwa sababu watu huvumilia uamuzi wasioupenda wakiona sauti yao iliandikwa.

Mafunzo kwa vitendo yalinipeleka shule moja ya sekondari mkoani Singida. Mwalimu wa taaluma, alipoona daftari langu la mihtasari, aliniomba nimsaidie kupanga ratiba. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia kwa mikondo yote. Vipindi pacha vya maabara vilihitaji kuwekwa asubuhi, maana hesabu na maabara baada ya saa saba, kwa mtoto aliyetembea kutoka mbali na hajala, ni kumtesa bure. Nilikaa na karatasi ile hadi usiku, nikihamisha kipindi hiki na kurudisha kile, na sikusikia uchovu. Ndipo nilipoijua kazi yangu. Niliporudi Mlimani nilijiandikisha kozi za uongozi na mipango ya elimu, na wazo la kugombea likaondoka lenyewe.

Leo mimi ni mkuu wa shule, baada ya kupita darasani, ofisi ya taaluma na umakamu wa mkuu wa shule. Bado nawaheshimu wanaosimama jukwaani, nchi inawahitaji. Lakini vijana wengi wa vyuo hudhani uongozi ni wa yule aliyeshinda uchaguzi, na kwamba fani ni ile iliyoandikwa kwenye barua ya udahili. Ndiyo maana wanafunzi wa vyuo wanapokuja kwangu kwa mafunzo, kila mmoja nampa jukumu lenye watu ndani yake: bweni, klabu ya masomo, zamu ya jikoni, mkutano wa wazazi. Mwishoni tunakaa, nawauliza ni kazi gani waliyoendelea kuifanya hata muda ulipokwisha. Wengi hujibu bila kufikiri, na jibu hilo ndilo ninalowasihi walifuate.