Kinyonga Chini ya Mpera

Mwaka juzi, majuma machache kabla ya Pasaka, kijana mmoja wa darasa la Kipaimara aliniletea kinyonga ndani ya kofia yake. Alikuwa amemwokoa mikononi mwa watoto waliokuwa wakimpiga mawe kando ya barabara iendayo Kambove. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umevimba. Nilimweka juu ya mpera ulio katika lupango wetu hapa Likasi, nikamzungushia chandarua cha zamani asije akanyakuliwa na paka, na mke wangu akanitazama kama anitazamavyo kila niletapo nyumbani kitu kisicholika.

Mnajua jinsi mnyama huyu anavyoogopwa. Mataifa mengi ya Kibantu, hata Wazulu wa Afrika ya Kusini, husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kuwa hawatakufa. Naye akakawia njiani, mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Tangu hapo tunamlipiza kisasi kwa mawe. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama ninatafuta dawa. Mzee mmoja wa shirika letu alinikumbusha kwamba baadhi ya tafsiri za Biblia humtaja kinyonga katika Walawi sura ya 11 miongoni mwa wanyama najisi. Nilimjibu kwa njozi ya Petro kule Yafa, ile nguo iliyoshuka kutoka mbinguni ikiwa na watambaao wa kila namna. Ingawa nakiri kwamba Petro hakuonyeshwa nguo ile ili afuge vinyonga.

Kumtunza hakukuwa kugumu. Wa kwetu, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, ana vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, mithili ya masikio. Hula panzi na nyenje. Maji hayanywi katika kisahani. Huyalamba matone juu ya majani, kwa hiyo kila asubuhi nilinyunyizia mpera. Jua naye alihitaji, kwa ajili ya mifupa yake. Mguu ulipona. Lakini tumbo likazidi kukua, hata vinundu vikaonekana ubavuni, akaacha kula, akawa anashuka shina na kupanda tena kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hapo nikatambua kwamba ni jike na kwamba anatafuta udongo.

Kinyonga wa aina hii huchimba shimo kwa mikono yake, kichwa mbele, na kazi hiyo yaweza kumchukua karibu siku nzima. Kisha hugeuka, huyataga mayai yake ndani, huyafukia, huushindilia udongo kwa miguu, na kupanda zake mtini akiwa amekonda. Sharti lake ni moja tu: asitazamwe. Akiona mtu karibu, huweza kuliacha shimo. Na mayai yakikwama ndani humwua. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Siwezi kusema kwamba sikujua.

Niliweka ndoo ya udongo mbichi chini ya mpera. Alianza kuchimba Jumamosi, siku ya mafundisho. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa tangu ujana wetu kwamba mwalimu mwema haelezi tu, huonyesha. Nikawaita vijana wote 23. Tukamzunguka. Walio nyuma walipolalamika kwamba hawaoni, nilichukua kijiko nikaufukua udongo kidogo ubavuni mwa shimo, ili waone jinsi mkono unavyofanya kazi. Kinyonga alitoka kinyumenyume, amejaa hewa, mweusi kama kaa la moto lililozimika, akapanda mpera. Nilisema atashuka tena kesho. Hakushuka. Baada ya siku nane nilimkuta ameanguka chini. Nilimpasua ili nijue: mayai 34, meupe, laini, kila moja kadiri ya ncha ya kidole.

Watu waliomwona walitikisa vichwa. Wengi kwetu huamini kwamba kinyonga hazai ila kwa kupasuka tumbo na kufa. Si kweli, hata wale wa milima ya Kivu ambao huzaa watoto hai hawapasuki. Lakini jirani zangu walisema: Unaona, ndivyo afavyo. Mimi niliyeujua ukweli nilinyamaza, kwa kuwa maneno yao yalinistiri.

Majuma yaleyale kulikuwa na msichana katika darasa letu aliyekosa mafundisho mara tatu. Aliporudi nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza sababu. Hakujibu. Nikarudia swali, kwa sauti ya mwalimu anayependa utaratibu. Wasichana wa mstari wa mbele waliinamisha macho, nami nikaelewa nikiwa nimekwisha kuchelewa, maana nguo yake pana ilisema yote. Aliketi. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nilijiambia kwamba mama wa shirika watalishughulikia jambo hilo, nao walilishughulikia kweli, kwa sabuni, kwa unga, na kwa kukaa naye jioni bila maswali mengi. Mimi sikwenda kwao.

Sasa mwaka jana, mwezi wa tatu, tukiwa katika Kwaresima, kinyonga mwingine alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Mke wangu alimkuta katika bustani ya sombe, mnene, akikagua ardhi yenye mawe, na kuku wakimkaribia. Nilikata pipa la plastiki nusu, nikalijaza mchanga na udongo kina cha sentimita 30 hivi, mbichi kiasi kwamba ukiufumbata unashikamana bila kudondosha maji, ili shimo lisibomoke. Nikamweka humo, na tawi la kupandia. Siku ya tatu akaanza kuchimba.

Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kujaa uani. Mimi nilikuwa nimesimama nao, hatua nne kutoka kwenye pipa, nikijisifu moyoni kwamba safari hii sikushika kijiko. Wakati huohuo yule msichana aliingia, mtoto mgongoni, amekuja kumrudishia mke wangu sufuria. Alitazama pipa, akatutazama sisi.

“Baba Mwalimu,” alisema, “watu ni wengi.”

Hakuongeza neno. Alifungua kitenge cha pili alichokuwa amejifunga kiunoni, akalifunika pipa upande wetu wote, akabana pembe zake kwa matofali, kisha akaingia jikoni kwa mke wangu. Niliwarudisha watoto kwao. Nilikaa nyumbani alasiri nzima nikisahihisha madaftari, na mara nne niliinuka kwenda dirishani, na mara nne nikarudi kitini. Jioni kinyonga alikuwa juu ya tawi, ubavu umebonyea, udongo wa pipa umesawazishwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilinyunyizia majani, akanywa kwa muda mrefu sana. Siku chache baadaye, alipokwisha kula na kupata nguvu, tulimwachilia mperani, naye akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa wazazi wa msichana yule, nikamwomba msamaha mbele yao, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Baba yake aliniletea kiti. Msichana alisema amesikia. Sikupewa zaidi ya hilo, wala sikustahili kudai.

Mayai hatukuyagusa. Ukiyafukua na kuyageuza, kilicho ndani huweza kufa. Yalikaa humo kiangazi chote, katika baridi ya mwezi wa sita na vumbi la mwezi wa nane. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji kidogo pembeni pa pipa udongo usikauke kabisa. Mke wangu alisema kwamba ninamwagilia pipa tupu. Mvua zikarejea, kumbikumbi wakaruka, bado kimya.

Katika juma la tatu la Majilio udongo ulipasuka mahali padogo. Walitoka usiku na asubuhi, wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, tayari wakiyumba wanapotembea kama mama yao. Tulikuwa tumeacha maembe yaliyooza chini ya mpera ili vijinzi vijae. Msichana yule alikuja na mtoto wake, ambaye sasa anatembea. Tulikaa mbali, kwenye kizingiti cha jikoni. Mtoto alitaka kukimbilia pipa. Mama yake alimshika mkono, akamketisha kati yetu.