Namba 5 ya Kabambe Inawasha Pampu ya Shosho

Ukipigia huduma kwa wateja, ile sauti inakwambia ubonyeze moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kiingereza. Unabonyeza, unasikia "tii", mambo yanaendelea. Wengi wetu hudhani hiyo "tii" ni simu tu inakuonyesha kwamba umebonyeza. Kumbe ndiyo amri yenyewe. Upande wa pili kuna mashine isiyoona kidole chako. Inasikiliza tu, na ikisikia mlio wa 1 inajua wewe ni mtu wa Kiswahili.

Sasa swali langu kwa wasee wa Mitunguu, na wa popote palipo na shamba na pampu: kama mashine ya ofisi Nairobi inasikia huo mlio, mbona pampu isisikie?

Inaweza. Ya shosho wangu inasikia tangu mwezi wa pili.

Hebu nieleze, maana hii kitu ni tamu ukiielewa. Kila kibonye cha simu kinapiga milio miwili kwa mpigo. Chukua vibonye vyako kama jedwali. Kila mstari una mlio wake wa chini: hezi 697, 770, 852 na 941. Kila safu ya kwenda chini ina mlio wake wa juu: 1209, 1336, 1477. Namba 5 iko mstari wa pili, safu ya pili, kwa hivyo ni 770 na 1336 pamoja. Kuna hata safu ya nne ya hezi 1633, yenye herufi A mpaka D, lakini simu zetu hazina.

Mbona miwili? Kwa sababu mlio mmoja unaweza kuupiga hata kwa mluzi, au ukatokea tu mtu akiongea. Miwili sahihi kwa wakati mmoja ni ngumu kutokea kwa bahati. Wamarekani wa kampuni ya Bell walianza kuwauzia wateja simu za hivi Novemba 1963, mwezi mmoja kabla sisi kupata uhuru. Yaani ni teknolojia ya rika la shosho, na bado tunaitumia kila siku.

(Kabla hamjaniuliza: *334# si milio. Hiyo inaenda kwa mtandao kama ujumbe wa maandishi. Milio ni ile unayobonyeza simu ikiwa tayari imepokelewa.)

Tena kuna kitu kilinishangaza nilipoanza kusoma haya mambo. Ukiwa kwa simu ya mkononi ukabonyeza 5, kwa kawaida simu yako haipitishi mlio wenyewe hewani pamoja na sauti yako. Inatuma taarifa kwamba "huyu amebonyeza 5", halafu mtandao ndio unapiga mlio upande wa pili. Sauti ya simu hubanwa sana njiani, na milio ingefika imeharibika. Ndiyo maana kabambe ya bei ya chini inafanya hii kazi sawasawa na simu ya laki.

Tuje kwa pampu. Mitunguu inajulikana kwa ndizi na kwa ule mradi wa umwagiliaji unaoshusha maji kwa mteremko bila mota. Sisi tuko upande ambao bomba halifiki. Nyumba tatu tunatumia kisima kimoja kwa zamu, na zamu ya shosho huanza saa tisa usiku. Kutoka kitandani mpaka kibanda cha pampu ni kushuka kati ya migomba, giza, nyoka wapo, na goti lake halitaki. Mwaka juzi aliteleza kwenye mtaro akavunjika kifundo cha mkono. Akapona, akarudi kushuka, maana ndizi hazingojei mtu apone.

Wakaja jamaa fulani na tableti. Wakamwonyesha picha ya shamba lenye rangi nzuri, wakasema atawasha pampu kwa programu, alipe pesa ya kuwekewa na nyingine kila mwezi. Sisemi ni matapeli, mtambo wao unafanya kazi. Lakini shosho ana kabambe. Angehitaji simu mpya, bando, na mjukuu wa kumfungulia programu saa tisa usiku. Halafu mnazijua sola za mkopo: usipolipa, zinazimwa kutoka mbali. Pampu ambayo mtu mwingine anaweza kukuzimia si pampu yako, hata kama imekaa kwa shamba lako. Huo ndio msimamo wangu, na wasee wa "shamba la kisasa" wanaweza kunirushia mawe.

Nilichofanya ni kununua dekoda ya milio Luthuli Avenue. Si ile ya televisheni. Ni bodi ndogo kama kiberiti, katikati kuna chipu inaitwa MT8870, pembeni tundu la waya ya masikioni. Kabambe ya pili, ya zamani, inakaa ndani ya boksi kisimani ikiwa kwa chaji, imewekwa ijipokee yenyewe. Sauti yake inaingia kwa bodi. Chipu ikisikia milio miwili iliyo sawa inatoa jibu kwa nyaya nne, kila moja ikiwa na umeme au haina. Ukibonyeza 5 unapata 0101. Kinachochekesha ni sifuri. Haitoi 0000, inatoa 1010, yaani kumi. Ni kama zile simu za kuzungusha kidole, ambapo sifuri ilikuwa mipigo kumi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Namba za sifuri na moja tulifundishwa, tukafanya mtihani, nikapita vizuri, na sikuwahi kuona zikiwasha hata balbu. Usiku wa kwanza zile taa nne ndogo zilipowaka kwa meza ya jikoni, shosho akiwa nje anabonyeza, nilielewa somo zima kwa dakika tano.

Ukitaka rahisi kabisa, nyaya nne zinaweza kwenda moja kwa moja kwa rilei. Usifanye hivyo. Mtu yeyote mwenye namba ya ile laini, hata aliyekosea kupiga, anaweza kuwasha pampu. Mimi niliweka Arduino ndogo katikati: lazima ubonyeze namba nne za siri kwanza, kisha 5 ya kuwasha au 0 ya kuzima. Shosho hasomi sana, lakini vibonye anavijua kwa mahali vilipo. Siri yake ni umbo analochora kwa kidole, siwaambii umbo gani. Na 5 anaipata gizani, kwa sababu ya kile kichunusi kilicho juu yake. Watu huishika maisha yao yote bila kujiuliza kiliwekewa nini.

Dekoda, rilei, Arduino na boksi havikufika elfu tatu. Kontakta ndiyo iliuma mfuko, lakini usiiruke. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikishazoea, na rilei ndogo ya bodi itaungua. Rilei iwashe kontakta, kontakta iwashe mota. Upande huo wa stima mwite fundi aliyesomea, mimi mwenyewe nilimwita.

Kasoro zipo. Simu ikipokelewa inakula kredo, hata kama ni nusu dakika. Stima ikipotea na kurudi, pampu inabaki imezimwa mpaka upige tena, na hiyo niliipanga hivyo makusudi. Kubwa zaidi, mtambo haukwambii kama kisimani kuna maji. Pampu ikizunguka kavu inakufa. Kwa hivyo kuna swichi ya kuelea ndani ya kisima inayokata stima maji yakishuka, na hiyo haisikilizi simu ya mtu.

Jirani mmoja, mzee wa zamu ya kabla yetu, ameshaniuliza kama inaweza kuwasha taa ya banda la kuku. Inaweza. Namba ziko kumi na tumetumia mbili tu.

Ukienda kununua vipuri vimoja vimoja, angalia kristali iwe ya megahezi 3.579545. Ni namba ya ajabu, lakini inatoka kwa televisheni za rangi za Marekani. Zilitengenezwa nyingi mno, ndiyo maana ni rahisi kupata. Ukiuziwa nyingine chipu itasikia vibaya, irudishe. Mchoro wa nyaya nitauweka Jumamosi, nikishatoka Nkubu.