Matofali na Barua

Hivi karibuni niliombwa kuzungumza na wanachuo wanaosomea ustawi wa jamii. Mada ilikuwa elimu ya uraia na kujitolea. Niliona ni kazi nyepesi, maana mambo hayo niliyasimamia miaka mingi nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sisi tulilelewa na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Jembe na kalamu vilikwenda pamoja. Lakini nilipokaa kuyapanga maneno yangu, nilikumbuka kosa ambalo sijapata kulikiri.

Mwaka 1988 niliwapeleka wanachuo wangu kijijini kumjengea nyumba mjane mwenye watoto watatu. Nilisimama na daftari nikihesabu matofali. Aliyebeba mengi alipata alama nyingi. Binti mmoja nilimkuta siku mbili mfululizo ameketi chini ya mwembe na yule mama, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nikaandika "mvivu", nikampa alama ya chini kuliko wote.

Miezi kadhaa baadaye yule mama alifika chuoni na kuku mkononi. Hakuwaulizia waliojenga. Alimwulizia binti. Ndipo nikaambiwa kuwa shemeji zake walitaka kumwondoa katika shamba la marehemu. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba hazikumpa mjane fungu katika urithi wa namna hiyo, ila watoto walikuwa na haki yao. Binti alilijua hilo. Alimwandikia barua kwenda Baraza la Kata, chombo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, akitetea shamba kwa jina la watoto. Wazee wa baraza wakamsikiliza mama, na shamba likabaki. Bila barua ile, nyumba tuliyojivunia ingekuwa ya shemeji.

Binti alikuwa amekwisha kuhitimu na kupangiwa shule ya mbali. Ningeweza kuandika kusahihisha alama zake. Sikuandika. Niliona haya kukiri mbele ya walimu wenzangu kwamba sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Na yule kuku tulimla nyumbani kwangu.

Hayo ndiyo niliyowasimulia wale vijana. Niliwaambia kuwa kukariri ngazi za serikali, tangu kitongoji hadi taifa, hakumsaidii mjane mpaka apatikane mtu wa kumwuliza shida yake na kumfikisha kwenye mlango unaohusika. Wakufunzi wao niliwaomba wasipime kujitolea kwa hesabu ya matofali, maana tofali huhesabika kwa urahisi na mazungumzo hayahesabiki.

Kijana mmoja akanyosha mkono: "Shikamoo, mzee. Je, yule dada ulipata kumwomba radhi?"

Nilimjibu kuwa bado. Nimeyaandika haya nikitumaini kwamba, popote alipo, yatamfikia. Alama ile ilikuwa yangu, si yake.